Neno la Kizungu Alilopewa Mchumba Wangu

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Naikumbuka kwa sababu nilifungua mdomo mahali ambapo msichana hakutakiwa kufungua mdomo, na nikashinda. Sikusimulii kwa unyenyekevu, nisikudanganye. Nilishinda, na mpaka leo nikiwa jikoni peke yangu hunijia ghafla nikacheka, wajukuu wakaja mbio kuchungulia kama Kukhu, bibi yao, yuko salama.

Nyinyi vijana nawasikia siku hizi. Huyu mvivu, yule mvivu, mtumishi mvivu, mke mvivu, mwalimu mvivu. Neno linawatoka kama mate. Basi kaa hapa nikueleze jinsi neno hilo lilivyotaka kuninyang'anya mume kabla sijampata, tena lilikuja kwa Kiingereza, limevaa tai.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru wetu wa Uganda ungali mpya, na mpaka pale Busia ulikuwa kitu cha kuvuka ukanunue sukari upande wa Kenya na kurudi kabla maji ya chai hayajachemka. Kwetu ni Dabani. Sisi ni Wasamia. Baba yangu alifariki nikiwa bado mdogo, na aliyeshika nafasi yake katika mambo ya ukoo ni ndugu yake mdogo, Wandera, ambaye nami nilimwita baba, kama desturi yetu inavyotaka. Huyu alikuwa karani kule Tororo. Alikuja nyumbani akiwa likizo, viatu vinang'aa, gazeti kwapani, na Kiingereza chake hakikuweza kukaa ndani ya mfuko. Hata chumvi aliiomba kwa Kiingereza, kisha akatufafanulia alichoomba. Ukitaka kumfurahisha Baba Wandera usimpe kuku. Muulize maana ya neno.

Lakini nakwambia mapema usije ukamchukia. Alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyenisomesha, na hakuniacha nilale njaa hata siku moja. Tatizo lake lilikuwa shangazi yangu Taaka, dada yao. Shangazi aliolewa kwa haraka na mwanaume aliyejua kucheka na kupiga hadithi, lakini jembe kwake lilikuwa adui. Shangazi akalima peke yake, akazaa peke yake, akajenga peke yake, hadi akarudi nyumbani amekonda huwezi kumtambua. Baba Wandera alipomwona akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakuna binti mwingine wa nyumba ile atakayekabidhiwa kwa mvivu. Kiapo hicho alikishika kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyefuata kwenye foleni ya kuolewa.

Mchumba wangu alikuwa Owora, Mpadhola wa kule Tororo. Tulikutana sokoni Busia, yeye akileta karanga kwa baiskeli, mimi na mama tukiuza samaki wakavu. Yeye hakujua Kisamia, mimi Kidhopadhola sikujua hata salamu. Tulipendana kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe kile cha mpakani, ambacho mwalimu wangu angekisikia angetafuta kiboko. "Nekesa," aliniambia siku moja akinifungia gunia, "mimi nakwenda sema na wazee yangu. Nachoka kununua samaki na mimi hata sipendi samaki." Nikacheka mpaka nikaangusha mizani. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu ndiye, na kwamba nikimkosa sitampata mwingine wa kunichekesha namna hiyo.

Sasa sikiliza desturi. Kwa ukoo wetu, mchumba hakuulizwa kwanza ana ng'ombe wangapi. Aliitwa kulima. Alikuja siku iliyopangwa, peke yake na jembe lake, akalima shamba la mama mkwe tangu asubuhi. Jioni wazee wa pande mbili huketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mzee na mrija wake mrefu, na kazi ile ikajadiliwa. Wakiridhika, mazungumzo ya mahari yanaanza hapohapo. Wasiporidhika, mambo yameisha. Ukoo wetu haukumjadili mtu mara ya pili, hata alie machozi ya damu.

Na kulikuwa na desturi nyingine, hii sisi na Wapadhola tuliishika sawasawa. Mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Nyinyi siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe zenu, mnapiga nao picha mmeshikana mabega. Haya, dunia ni yenu. Sisi, mkwe akimsikia mama mkwe anakuja njiani, aliiacha njia. Aliingia kwenye majani, akachutama, akageuza mgongo, mpaka mama wa watu apite salama na heshima yake. Naye mama akiwa na adabu alikohoa tangu mbali ili kijana apate nafasi ya kujificha. Kumtaja tu mama mkwe mbele ya wanaume, kumweka kwenye mazungumzo kama kisingizio, hilo lilikuwa tusi ambalo faini ya mbuzi mmoja haikulifuta.

Siku ya kulima ikafika. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, ardhi imelainika vizuri. Owora alifika jua likichomoza, akavua shati zuri akavaa lile la kazi la mikono mirefu, akaanza. Baba Wandera naye akatoa kiti chake akakiweka barazani, mahali ambapo shamba lote lilionekana, akafungua gazeti. Alikuwa amekuja kutazama, na kweli alitazama.

Mama na mimi kazi yetu ilikuwa maji. Wageni wanakuja, pombe inataka maji ya moto, ugali unataka maji, kuku wanataka kunyonyolewa. Chemchemi ilikuwa bondeni, na njia tuliyozoea ilikuwa imezama kwenye matope ya mvua, mtu anazama hadi magotini. Ilibaki njia moja tu, ile inayopita pembeni mwa shamba alikolima Owora, nyuma ya muhogo wa zamani uliokuwa mrefu kuliko mtu. Mama akasimama akaitazama njia ile, akanitazama mimi. "Tutafanyaje?" akasema. "Wageni hawatakunywa mate." Akaweka mtungi kichwani, akaanza kukohoa tangu tukiwa uani.

Weee! Ungemwona Owora! Alisikia kikohozi cha kwanza akatupa jembe, akaruka kama amekanyaga nyoka, akaingia kichakani upande wa chini wa shamba, akachutama. Tukapita. Mama anatazama mbele tu, shingo imenyooka, mimi nyuma yake natazama kila kitu. Tukarudi na mitungi imejaa, mama anakohoa, Owora yuko kichakani tena. Na kile kichaka, mwanangu, kilikuwa cha upupu. Unaujua upupu? Ukikugusa utajikuna mpaka utamani kuvua ngozi. Hakuna kichaka kingine kilichokuwa karibu. Alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya upupu na kumkosea mama yangu heshima, na kila mara alichagua upupu.

Ndivyo siku ilivyokwenda. Kadiri mama alivyotaka kuwaheshimu wageni wa Owora ndivyo alivyoteka maji mengi, na kadiri alivyoteka maji ndivyo Owora alivyoruka kichakani. Safari moja nilimwona anajikuna kwa mpini wa jembe mgongoni, uso umemkunjamana, nikataka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. "Usicheke," mama akaninong'oneza, na yeye mwenyewe mabega yanamtikisika.

Kule barazani Baba Wandera hakutuona hata kidogo. Muhogo ulituziba. Alichokiona ni mwanaume mwenye afya yake anayelima kidogo, anatupa jembe, anapotelea kichakani, anarudi, analima, anapotea tena. Chai yake ililetwa, akanywa. Maji ya kunawa yakaletwa, akanawa. Hakuwaza kwamba maji yale yalibebwa na mtu, na kwamba mtu huyo alipita mahali.

Jioni wazee wakaketi. Upande wa Owora alikuja mjomba wake, Mzee Obbo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, pamoja na wenzake. Kwa kuwa wao hawakujua Kisamia, mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Mama na mimi tulikuwa jikoni, kibanda cha udongo hatua chache kutoka pale, na kila neno tulilisikia. Mama hakuweza kutoka, maana mkwe yuko nje. Mimi niliweza kutoka kuongeza maji ya moto chunguni, lakini kwa kupiga magoti na mdomo umefungwa. Mambo yalikuwa yangu, lakini maneno hayakuwa yangu.

"Sisi nakuja kwa heshima," Mzee Obbo akaanza. "Kijana yetu analima leo. Mikono yake iko pale, wazee naweza angalia."

Baba Wandera akasimama. Alikuwa amevaa koti na tai.

"Wazee wangu," akasema, "nimekaa barazani tangu asubuhi, nimetazama kwa macho yangu. Kijana huyu analima kidogo anatupa jembe, anaingia kichakani. Anarudi, anaondoka tena. Kutwa nzima. Na hapa mbele yenu hata kukaa ametulia hawezi, anajikunakuna kama mtu anayesikia kazi ikimwita. Mimi nina dada yangu ndani ya nyumba hii, mnamjua, na mnajua alivyorudi. Sitamtoa mtoto wa kaka yangu akaishi maisha yale. Kwa Kiingereza mtu wa namna hii ana neno lake. Anaitwa 'indolent'."

Hakuna aliyelijua neno lile, na neno usilolijua hutisha kuliko tusi unalolijua.

"Hiyo ni nini?" Mzee Obbo akauliza. "Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa." Baba Wandera alilisubiri swali hilo kwa hamu. "Mgonjwa hatumwiti hivyo. Aliyechoka hatumwiti hivyo. 'Indolent' ni mtu mwenye nguvu zake, kazi iko mbele yake, naye anaikwepa kwa sababu anapenda raha. Si jambo la siku moja, ni tabia. Analala nayo, anaamka nayo."

Mzee Obbo akamgeukia mpwa wake. "Owora, wewe naenda lala kule kichakani?"

"Hapana, mjomba."

"Basi nafanya nini?"

Owora akatazama chini. Akajikuna shingo.

Nilijua kwa nini hajibu, na mama alijua. Angesema nini? Aseme, "Nilikuwa namkimbia yule mama"? Amtoe mama yangu jikoni amweke katikati ya wanaume wanaokunywa, amfanye yeye ndiye aliyeharibu kazi? Bora akose mke. Na alikuwa tayari kunikosa, mwanangu, hilo ndilo lililoniuma. Alikaa pale akimeza neno la Kizungu asilolijua, kwa ajili ya heshima ya mama yangu, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyefahamu.

Mzee Obbo akauchomoa mrija wake kutoka chunguni. Akaupangusa polepole. Ukiona mzee anapangusa mrija, jua anaondoka. Wenzake nao wakaanza kuchomoa yao.

Mama alinishika mkono pale jikoni. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikachukua birika la maji ya moto nikatoka. Nikapiga magoti mbele ya chungu kama msichana aliyelelewa, nikamimina maji polepole, nikamaliza. Na badala ya kuinuka nikasema:

"Baba, samahani. Neno hilo mwalimu wetu hakutufundisha. Naomba unifundishe matumizi yake, nisije nikalitumia vibaya."

Mzee mmoja wa upande wetu akaguna, akainua mkono kunifukuza. Lakini nilikuwa nimemjua Baba Wandera maisha yangu yote. Uso wake ulikuwa umeshawaka.

"Mwacheni," akasema. "Huyu nimemsomesha mwenyewe. Uliza, Nekesa."

"Nikimwona mtu amelala kivulini na wenzake wanapalilia, nitamwita hivyo?"

"Huyo ni 'indolent'. Sahihi kabisa."

"Na mama aliyekaa mlangoni kwa sababu mguu umevimba?"

"Hapana. Nimeshasema, mgonjwa hatumwiti hivyo."

"Na mwanaume aliyeacha jembe shambani akakimbia kuzima moto kwa jirani?"

"Hapana, hapana!" Alikuwa amesahau kwamba yuko kwenye kikao cha kukataa mchumba, alikuwa mwalimu. "Huyo ana sababu. Neno hili, mwanangu, lazima kwanza utazame sababu. Ukikuta sababu yoyote ya maana, huwezi kulitumia. Ukikuta hakuna ila kupenda raha, hapo ndipo linapokaa." Akawageukia wazee ili waone darasa linavyokwenda.

"Asante, baba. Bado moja tu." Sikuinua kichwa. "Mwanaume anayetupa jembe na kwenda kuchutama kwenye upupu kwa sababu mama mkwe wake anapita na mtungi wa maji, huyo naye ni 'indolent'?"

Nilisikia kuni zikipasuka jikoni.

Kisha Mzee Obbo akamshika Owora mkono, akalipandisha lile shati la mikono mirefu hadi juu ya kiwiko. Mkono wote ulikuwa umevimba, mwekundu, umejaa vipele. Akapandisha wa pili. Vilevile.

"Upupu!" akapiga kelele. "Mama yangu wee, ni upupu! Mimi nafikiri kijana yangu naona aibu, kumbe anawashwa!"

Wazee wakaangua kicheko. Hata yule aliyetaka kunifukuza alicheka mpaka akakohoa. Owora peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake, basi, hayo sikusimulii, ni yangu.

"Mama mkwe gani?" Baba Wandera akasema. "Mimi sikumwona mtu akipita."

"Ungemwona wapi, baba? Muhogo umeiziba njia."

Akageukia jikoni. "Shemeji! Ulipita njia ile leo?"

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka mzima unaweza kupita hujamsikia akipandisha sauti. Siku hiyo aliipandisha, kutoka jikoni, bila kuonyesha hata kidole.

"Shemeji, ile chai uliyokunywa asubuhi, na maji uliyonawa, na hiyo pombe mliyoizunguka, ulidhani maji yake yalikuja yenyewe yanatembea? Nimepita njia ile mpaka shingo imekufa ganzi. Kila nikikohoa mtoto wa watu anaruka kwenye upupu. Na wewe tangu asubuhi umekaa kwenye kiti. Kwa Kiingereza nikuiteje?"

Nakwambia, mwanangu, kelele iliyotoka pale waliisikia hadi Masafu. Wazee walipigana mabega, mmoja akamwaga pombe mapajani asijue. Shangazi Taaka, ambaye kwa miaka hatukumsikia akicheka, alitoka nyumba ndogo akashikilia nguzo ya mlango, anacheka na kulia. Moyo wangu ulikuwa unaruka kifuani kama ng'ombe aliyekata kamba.

Baba Wandera alibaki amesimama. Hapo nikaogopa, kwa maana mwanaume aliyechekwa mbele ya wageni anaweza kufanya lolote. Akavuta pumzi. Akasema, "Twendeni shambani."

Tukaenda sote, jua bado lipo. Mama tu ndiye aliyebaki. Wazee wakaingia kwenye udongo, wakainama, wakapekua. Shamba lilikuwa limegeuzwa kwa kina, udongo mweusi umekaa juu, na mizizi ya magugu ya sangari imekung'utwa na kurundikwa pembeni, hakuacha hata mmoja wa kuja kuota tena. Kilichobaki hakijalimwa ni ukanda mwembamba kando ya muhogo, palepale njia inapopita, mahali ambapo kila alipofika alisikia kikohozi.

"Mtu mmoja amefanya hii?" yule mzee wa kwetu akauliza. "Na huku anakimbia?"

Baba Wandera akavua koti, akamkabidhi Mzee Obbo. Akavua tai, akaniwekea mimi begani. Akaliokota jembe la Owora pale lilipoangukia, akaingia kwenye ule ukanda na viatu vyake vinavyong'aa, akaanza kulima. Owora akaruka kutaka kumpokea.

"Kaa," Baba Wandera akamwambia. "Kaa chini hapo, mbele ya watu wote. Leo wewe ndiye unakaa, mimi nalima. Na mtu asikuite kitu."

Owora akaketi. Aliketi katikati ya shamba, hadharani, ameinua magoti anajikuna kwa raha zake, na karani wa Tororo akilima mbele yake huku jasho linamtiririka. Wanawake wa jirani walikuwa wameshajaa, vigelegele vikapanda mpaka mbwa wakabweka. Alipomaliza ukanda wote akaegemea jembe, anahema. "Neno langu nimelirudisha," akasema. "Si la kijana huyu. Nililiweka mahali pasipo pake." Kisha akamkumbatia Owora, udongo kwa udongo, na tuliporudi uani Mzee Obbo alikuwa wa kwanza kuutumbukiza mrija wake chunguni. Mahari ilizungumzwa pale pale, kwa vicheko, na hakuna aliyevutana na mwenzake.

Asubuhi yake niliamka nikijiona malkia. Nilikuwa nafagia uwanja nikiimba, namwiga Baba Wandera, "sahihi kabisa, sahihi kabisa", na mama akanisikia.

"Nekesa," akasema, "umeshinda, na mimi nimefurahi kuliko wewe. Lakini usimcheke. Wandera hakumsingizia mtu. Alisema alichokiona, ila alikiona akiwa amekaa mahali pamoja. Nawe siku moja utakuwa na kiti chako."

Maneno hayo yaliniingia kuliko vigelegele vyote. Na kiti nilikipata, mwanangu. Niliishi na Owora wangu Tororo miaka mingi, tukalea, tukazeeka, na hakuna aliyelima kama yeye hadi mikono ilipokataa. Nami nikawa mama mkwe. Mke wa mwanangu wa kwanza alikuwa akiketi kila asubuhi nyuma ya nyumba, vyombo havijaoshwa, kuku wanapiga kelele, na mimi nipo barazani namwona. Neno likafika kwenye ulimi. Nikainuka kwenye kiti changu, nikaenda, nikaketi kando yake pale chini. Kumbe alikuwa anatapika kila asubuhi, mimba changa, anaogopa kutuambia kwa sababu ya kwanza ilitoka. Tukaviosha vyombo pamoja, na mtoto huyo ndiye huyo mnayemwita daktari.

Basi sikia ninachokwambia. Neno lile si baya, na wapo watu linawakaa sawasawa. Mume wa Shangazi Taaka lilimkaa kama koti lake. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, mwite jina lake, na usimpe binti yako. Lakini usilitoe ukiwa umekaa. Inuka kwanza. Nenda ukasimame alipo mwenzako, uone kinachopita pale ambacho huku hukioni. Muulize, na asipojibu usidhani ameshindwa, maana wapo wanaonyamaza kwa kumlinda mtu. Na wewe ukiitwa mvivu ilhali si mvivu, usikimbie na usilie. Lima vizuri, ng'oa mizizi yote, ili siku watakapokuja kulitazama shamba lako, shamba likusemee. Na ukimwona mwenzako anameza neno lisilo lake, na wewe unajua ukweli, fungua mdomo hata kama umepiga magoti.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na kazi inayostahili nguvu hizo. Akupe shamba lenye rutuba na wakwe wenye kikohozi cha heshima. Na siku nguvu zitakapokuishia ukaketi chini, akuletee mtu atakayeuliza kwanza kwa nini umekaa.